Kumbukumbu Yenye Mlango

Mwaka ule niliotoka chuo kikuu, nilikuwa nakaa maktaba kuliko nilivyowahi kukaa nikiwa mwanafunzi. Karo ilikuwa imegonga mwamba mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na sanduku moja na laptopu ambayo betri yake ilikuwa imekufa. Mji wetu ni mdogo: stendi ya matatu, soko, benki mbili, na maktaba ya umma yenye bati la rangi ya kijani. Maktaba ilikuwa na vitu viwili nilivyohitaji, soketi ya stima na kimya. Unaingia, unaandika jina lako kwenye kitabu cha wageni, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, unatafuta kiti kisichoyumba, unaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuandikia watu wa nje. Siku moja mteja akataka maneno 800 kuhusu maktaba za miji midogo ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Sijui za nini, na katika kazi hii huulizi. Nikaanza kusoma, na ndipo nikakutana na Andover.

Andover ni mji ulio kaskazini mwa Boston. Wakati wa habari hii, miaka ya 1870, ulikuwa na watu kama 5,000 hivi. Maktaba yake ya umma inaitwa Memorial Hall Library, na mwanzoni nilidhani ni mambo ya jina tu, maana huku kwetu kila jengo kubwa la zamani lina jina la marehemu fulani. Lakini hapa marehemu hakuwa mmoja. Maktaba ile ilijengwa kuwakumbuka vijana wa mji waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865. Majina yao yaliandikwa kwenye mabamba ya marumaru ndani ya jengo. Yaani ukienda kuazima kitabu, unaingia katika nyumba ya wafu wa mtaa wako.

Hiyo ilinisimamisha. Nikaacha kuhesabu maneno ya mteja.

Vijana wengi wa Andover walijiandikisha kwa pamoja mwaka wa 1861, wakawa kikosi kimoja, Kampuni H, katika rejimenti ya 14 ya Massachusetts. Mwanzoni mwa 1862 rejimenti hiyo ikageuzwa kuwa ya mizinga mikubwa, ikapewa kazi ya kulinda ngome zilizozunguka mji mkuu wa Washington. Kwa askari hiyo ilikuwa bahati. Wenzao walikuwa wanakatwakatwa kwenye mashamba ya Virginia, wao wanasugua mizinga na kungojea adui ambaye haji. Kisha Mei 1864 Jenerali Grant akaishiwa na watu wa miguu. Wale wa mizinga wakanyang'anywa ngome zao, wakapewa bunduki, wakapelekwa mbele. Tarehe 19 Mei 1864, karibu na Spotsylvania, rejimenti ikaingia vita vyake vikubwa vya kwanza, na kufikia jioni ilikuwa imepoteza watu wengi mno.

Sasa hebu fikiria ilivyo mji mdogo ukipeleka vijana wake katika kampuni moja. Mkiwa pamoja mnacheka pamoja, mnaandikiana barua za nyumbani, yule anayejua kusoma anamsomea asiyejua. Lakini wakipigwa, wanapigwa pamoja. Habari zinafika mtaa mmoja, kanisa moja, kiwanda kimoja, na wiki hiyo hakuna nyumba ambayo haina jirani anayelia. Jeshi linaona namba, mji unaona viti vitupu.

Vita vikaisha. Swali likabaki: tuwafanyie nini hawa?

Miji mingi ilisimamisha sanamu. Mpaka leo ukitembea kaskazini mwa Marekani, hata kwenye picha za intaneti, utamwona yule askari wa jiwe aliyeshika bunduki, juu ya nguzo, katikati ya uwanja wa mji. Viwanda vilikuwa vinawauza kwa katalogi, kama unavyoagiza mlango wa chuma. Lakini baadhi ya miji ya Massachusetts ilikwenda njia nyingine. Lancaster ilifungua jumba la ukumbusho lenye maktaba mwaka wa 1868. Framingham ikafuata miaka michache baadaye. Na Andover, mwaka wa 1873.

Mwenye pesa huko Andover alikuwa John Smith. Alizaliwa Brechin, Uskoti, akahamia Marekani, na pamoja na ndugu yake Peter na Mskoti mwenzao John Dove, wakaanzisha kiwanda cha kusokota uzi wa kitani, ule uzi mgumu wa kushonea viatu. Walitajirika. Smith alitoa dola 25,000 kwa ajili ya jengo hilo, pesa ambazo wakati huo zilikuwa kitu kizito sana, na wengine wakaongezea.

Mimi si mtu wa kuwapigia matajiri makofi. Tajiri akijenga, mara nyingi anajijengea. Lakini Smith ana historia ambayo sikuweza kuipita. Mwaka wa 1846, miaka 15 kabla ya vita, yeye na wenzake walitoka kwenye makanisa yao hapo Andover kwa sababu makanisa hayo yalikataa kusimama wazi kupinga utumwa. Wakaanzisha kanisa lao, Free Christian Church. Wakati huo, kupinga utumwa kwa sauti hakukuwa jambo la heshima hata huko kaskazini. Ulikuwa unaonekana mkorofi, mtu wa kuharibu biashara na kuwagawanya waumini. Miaka michache baadaye Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa Uncle Tom's Cabin, akahamia mji huohuo, na kaburi lake liko huko hadi leo. Kwa hiyo Smith alipotaka kuwakumbuka vijana waliokufa, alikuwa na maoni yake kuhusu walichofia.

Kwa nini basi maktaba? Sehemu ya jibu ni sheria. Massachusetts ilipitisha sheria mwaka wa 1851 iliyoruhusu kila mji kutumia kodi kuendesha maktaba ya umma. Ruhusa ilikuwepo, nyumba ndiyo iliyokosekana. Vitabu vya miji mingi vilikuwa vinakaa kwenye chumba cha juu ya duka, au kwenye ofisi ya mji, vikisubiri panya. Majonzi ya vita yakaleta kile ambacho bajeti ilikuwa imeshindwa kuleta. Ni vigumu kusimama kwenye mkutano wa mji na kusema hatuna pesa za vitabu. Ni vigumu zaidi kusema hatuna pesa za watoto wetu waliokufa. Ukiviunganisha hivyo viwili, nani atapiga kura kukataa?

Jengo lilizinduliwa tarehe 30 Mei 1873. Siku hiyo haikuwa ya bahati nasibu: tangu 1868, 30 Mei ilikuwa siku ya kupamba makaburi ya askari kwa maua. Mhubiri maarufu wa Boston, Phillips Brooks, ndiye aliyetoa hotuba, na hotuba ile ikachapishwa kama kijitabu. Kisha maua yakanyauka na watu wakarudi kwenye mashine za uzi. Hapo ndipo napenda habari hii kuliko zote, kwa sababu sanamu kazi yake inaisha siku ya uzinduzi. Pazia likishavutwa, hakuna cha kufanya nayo tena isipokuwa kuipita. Lakini maktaba, kesho yake asubuhi, lazima mtu afungue mlango. Lazima mtu alipwe. Lazima jiko liwashwe wakati wa baridi na paa lizibwe likivuja. Mji ule ulijifunga kuwakumbuka wafu wake kwa bajeti, kila mwaka, na umeendelea. Sura ya jengo imebadilishwa katika miaka ya 1920, limeongezwa sehemu mpya baadaye, lakini ndiyo maktaba ya umma ya Andover mpaka leo, kwa jina lilelile.

Nisije nikawachora watakatifu. Jimbo hilohilo la Massachusetts ndilo lililounda rejimenti ya 54, askari Weusi waliopigana upande wa kaskazini. Waliahidiwa mshahara sawa na wa wazungu, dola 13 kwa mwezi. Walipofika kambini wakapewa dola 10, na kati ya hizo 3 zikakatwa za nguo. Wakakataa kuzipokea. Si kwamba waligoma kupigana, walipigana na kufa, lakini mshahara wa dharau waliukataa kwa zaidi ya mwaka, huku wake zao wakihangaika nyumbani, mpaka serikali ikasalimu amri mwaka wa 1864. Mnara wao maridadi wa shaba uliwekwa Boston mwaka wa 1897. Uliandikwa majina ya maafisa wazungu waliokufa. Majina ya askari Weusi waliokufa yaliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabu mwenyewe.

Niliposoma hapo nikafunga laptopu nikatoka nje kununua chai. Nilikuwa nafikiria Nairobi.

Kila mtu aliyewahi kutembea Kenyatta Avenue amewaona wale watu watatu wa shaba. Mmoja ni askari wa King's African Rifles, mwingine ni mpagazi, wa tatu ni mpiganaji wa Kiarabu. Walichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, na kusimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Dar es Salaam na Mombasa pia zilipata sanamu zao wakati huohuo. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao.

Majina. Zunguka jiwe lile lote, utafute jina moja. Halipo.

Nchi hii peke yake ilitoa wapagazi zaidi ya 150,000 kwa upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka wa 1917, John Ainsworth alipokabidhiwa kazi ya kutafuta watu, machifu walipewa idadi ya kujaza, na watu walichukuliwa shambani, sokoni, hata kwenye matanga. Nyanza, mkoa aliokuwa akiutawala kabla, ndio ulitoa wengi kupita wote. Mpagazi alivishwa kisahani cha bati chenye namba, akapewa mzigo, akatembea mpaka Tanganyika na zaidi. Mshahara ulishushwa hadi karibu rupia 5 kwa mwezi. Risasi hazikuwa ndizo zilizowamaliza. Ilikuwa ni kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, uliopikwa nusunusu kwa sababu hakuna muda wala kuni. Hesabu za wakoloni wenyewe zinataja zaidi ya 40,000 waliokufa katika kazi hiyo ya uchukuzi kwa upande wa Waingereza, na hata waliokuwa wakihesabu walijua ni pungufu. Kambi yao Nairobi ilituachia jina, Kariokor, na Dar es Salaam wakabaki na Kariakoo. Leo ukitaja Kariokor mtu anafikiria nyama choma.

Lakini usidhani wazo la ukumbusho wenye faida halikufika Kenya. Lilifika, tena mapema. Walowezi wa Nakuru waliwakumbuka wafu wao wa vita kwa kujenga hospitali, na hadi leo inaitwa War Memorial. Nairobi walikuwa na Memorial Hall, jumba ambamo Baraza la Kutunga Sheria lilikutana kwa miaka kabla ya kujengewa bunge lake. Kwa hiyo wazungu walikijua vizuri kile walichokijua watu wa Andover, kwamba wafu unaweza kuwakumbuka kwa nyumba ambayo walio hai wanaingia, wanatibiwa, wanajadiliana, wanapata kitu. Ila nyumba zilikuwa za mzungu. Mwafrika akapewa shaba, akae nayo barabarani.

Na maktaba je? Mwaka wa 1931 ikafunguliwa ile ya McMillan, yenye simba wawili mlangoni, kumkumbuka mtu mmoja tajiri, kwa pesa za mjane wake na msaada wa shirika la Carnegie. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kutoka pale hadi kwenye ile sanamu ya mpagazi ni mwendo wa dakika chache tu. Kwa miaka karibu 30, mjukuu wa yule mpagazi angeweza kusimama chini ya babu yake wa shaba siku nzima, lakini akivuka kwenda kwa simba na kuomba kitabu, angefukuzwa.

Kilichoniuma zaidi ni habari ya pesa. Wapagazi waliokufa walikuwa na mishahara ambayo haikuchukuliwa. Mtu amekufa porini, jina lake limeandikwa vibaya, chifu hajulikani, mjane yuko mbali, hakuna wa kwenda kudai. Zilikuwa pesa nyingi. Baadhi ya maafisa wa kikoloni, akiwemo Oscar Watkins aliyeongoza kikosi cha wapagazi, walidai kwamba pesa hizo zirudi kwa jamii za waliokufa, zitumike kwa faida yao. Walipeleka barua, wakasubiri, wakapeleka tena, miaka ikapita. London ikakataa. Kwa hiyo usiniambie koloni halikuwa na uwezo. Andover ilimhitaji tajiri wa uzi atoe dola 25,000 zake. Sisi hatukuhitaji tajiri yeyote. Pesa za ukumbusho zilikuwa zimeshafanyiwa kazi, kwa jasho la walewale waliostahili kukumbukwa, zimeandikwa kwenye daftari, zimekaa. Shule ngapi zingetoka hapo? Maktaba ngapi, pale Kisumu, Kakamega, Machakos, Voi?

Nimewahi kumwambia rafiki yangu haya yote, akaniuliza, sasa vitabu gani vingekuwa humo, si vya mzungu tu? Swali lake ni la haki. Pengine ingekuwa Biblia na vitabu vya kilimo bora. Lakini najua pia ninachokijua kuhusu watu na majengo. Jengo likiwa lako, vitabu utavibadilisha. Maktaba ya McMillan yenyewe, baada ya kupita mikononi mwa baraza la jiji, iliishia kuwa mahali watoto wa Eastlands wanafanyia kazi ya shule. Shaba haibadiliki, itabaki kuwa shaba tu.

Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba wafu wa Afrika na Asia hawakutendewa sawa na wazungu. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni akaomba radhi. Nilitazama video yake nikiwa maktabani, na vipokea sauti masikioni, na mzee mmoja karibu yangu akisoma gazeti la juzi. Tangu hapo tume imekuwa ikizungumzia kuyatafuta majina na namna mpya za kukumbuka. Mimi naomba kitu kimoja tu wasifanye: wasituletee sanamu nyingine. Chini ya Katiba yetu ya 2010 maktaba ni jukumu la kaunti, na kaunti inapokosa pesa, maktaba ndiyo ya kwanza kuambiwa isubiri. Hapa kwetu soketi tatu kati ya nne hazifanyi kazi. Rafu ya historia ya Kenya ina upana wa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Kama kuna mtu anatafuta mahali pa kubandika majina, ukuta upo.

Sababu ya mimi kujali ni ya kinyumbani. Babu yake babu yangu alienda Kariokor mwaka wa 1917. Alimwacha mke akiwa mjamzito, na mtoto aliyezaliwa ndiye baba yake babu. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa wapi. Mjane alirithiwa, maisha yakaenda.

Nilipomaliza yale maneno 800 ya mteja, na kulipwa, nilimpigia babu simu. Nikamuuliza jina la yule mzee. Akanipa moja. Nikamwuliza kama hilo ndilo jina alilopewa kuzaliwa au la utani. Akanyamaza. Akasema nisubiri, amuulize dada yake mkubwa, ambaye kwa sasa husahau lakini ya zamani anayakumbuka. Baada ya siku mbili akanipigia. Nyanya alikuwa amempa jina tofauti, na akasema lile la kwanza ni jina ambalo karani alimwandikia mzee siku wanachukuliwa, likabaki hapo nyumbani kama mzaha.

Kwa hiyo kama kuna daftari mahali fulani, London au Nairobi, sijui nitafute lipi. Nimeyaandika yote mawili. Yako kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, na namba ya kisahani nimeiachia nafasi.